Chuma Kwenye Pindo

Kwanza niwaeleze hilo jina, maana jina lenyewe ni kejeli. Walimwita Bi Mkasi, na ukilisikia utadhani ni mwanamke asiyeachana na mkasi mkononi. Thubutu! Mkasi wake ulining'inia kwenye msumari karibu na kioo, umetulia, una afya njema, na kazi yake kubwa ilikuwa kuwakatia wateja lebo za nguo walizonunua kwingine. Uzi, Bi Mkasi aliukata kwa meno. Kwa miaka ishirini na miwili aliinama, akauvuta, akainamisha kichwa kidogo upande wa kushoto, tak, kazi imekwisha. Jino lake la chonge la juu, upande huo, lilikuwa limechongeka kijimfereji chembamba kama alama ya kisu kwenye ubao wa kukatia mboga. Jina alipewa na mafundi wenzake, watu wenye upendo mwingi, waliosema kumnunulia yule mama mkasi ni sawa na kumnunulia samaki mwavuli.

Alishona magauni ya harusi. Duka lake lilikuwa chumba kimoja chenye mlango wa kioo, kati ya duka la viatu na ofisi ya fotokopi. Mlikuwa na cherehani mbili, meza ndefu ya kukatia, benchi la wateja, kioo kirefu, pazia la kubadilishia nguo, na sanamu ya kuvalishia isiyo na kichwa. Sanamu hiyo Babu Vifungo aliiita mteja bora, kwa kuwa haikuwahi kulalamika kuwa kiuno kimebana. Babu Vifungo ndiye aliyekalia cherehani ya pili. Alikuwa mzee wa miaka sitini na kitu, kazi yake vifungo, matundu ya vifungo na zipu. Hakuwa msemaji, ila kila neno lake lilikuwa na ncha.

Sasa tuje kwenye meno. Meno ya mbele ya Bi Mkasi yalikaa kama watu kwenye foleni isiyo na msimamizi: mmoja kajipenyeza mbele, mwingine kageuka ubavu, wa tatu kakata tamaa karudi nyuma. Yeye mwenyewe alisema hayamsumbui hata kidogo. Lakini ukifungua albamu za harusi za mji ule, ukurasa wowote ambapo bibi harusi anatengenezewa mkia wa gauni, utamwona mwanamke pembeni kapiga magoti, midomo kaifumba, na katikati ya midomo zinachungulia pini tatu. Watu walisema, tazama fundi alivyo makini, hata kwenye picha yuko kazini! Makini wapi. Pini zile zilikuwa kisingizio. Mtu mwenye pini mdomoni haambiwi, "Fundi, tabasamu." Kwa miaka ishirini na miwili, katika furaha za watu wengine wote, alikuwa ameng'ata pini.

Kilichomponza zaidi ni ulimi wake mwenyewe. Miaka miwili kabla ya haya ninayowasimulia, dada wa fotokopi, mwanamke wa miaka thelathini na moja, alitiwa waya za meno. Bi Mkasi, mbele ya wateja waliojaa benchi, akatoa hukumu: "Mtu mzima na watoto wawili! Ananyoosha meno amng'ate nani?" Duka lilicheka kutwa nzima. Maneno yakavuka ukuta, yakaingia fotokopi, yakatolewa nakala. Dada wa watu alinyamaza, akavumilia mwaka na nusu, waya zikatolewa, na tangu hapo alikuwa akipita mbele ya mlango wa kioo akicheka hata pasipo na la kuchekesha.

Basi fikirieni aibu ya mwanamke huyo huyo, miaka arobaini na sita, akiwa kalala kwenye kiti cha daktari wa meno na taa usoni. Alikwenda kwa ajili ya maumivu ya taya, hilo ndilo alilomwambia kila mtu, na kwa sehemu ilikuwa kweli. Daktari alikuwa binti mdogo, wa kuweza kumzaa. Akamwonyesha picha ya eksirei.

"Mama, meno yako yamebanana na yanasagana vibaya. Tukiyaacha hivi taya litaendelea kuuma. Ila yananyooka."

"Kwa umri huu, Daktari?"

"Jino halijui umri wako, Mama. Ukilisukuma linasogea."

Nyumbani akamweleza mumewe. Mumewe alikuwa mwalimu wa hesabu, na kila mtu, hata mkewe, alimwita Mwalimu. Mwalimu alisahihisha madaftari mawili kabla ya kujibu.

"Kama ni kwa ajili yangu, usijisumbue. Mimi nimeshazoea."

Hilo, wasikilizaji wangu, ndilo neno la mapenzi lililotamkwa nyumba ile mwaka ule. Kesho yake asubuhi Bi Mkasi alikuwa wa kwanza mlangoni kwa daktari.

Akabandikwa. Kila jino lilipata kijichuma chake, kilichogundishwa kwa gundi maalumu na kukaushwa kwa mwanga wa buluu. Kisha waya mmoja ukapitishwa juu kutoka kijichuma hadi kijichuma, na mwingine chini, zikafungwa kwa vijipete vya mpira. Daktari akamuuliza anataka vijipete vya rangi gani. Vipo vya waridi, vya kijani, vya zambarau. Mwanamke aliyewachagulia mabibi harusi rangi kwa miongo miwili akafikiri, akasema, "Kijivu. Niheshimike." Akapewa nta ya kuzuia vyuma visimkwaruze mashavu, mswaki mwembamba kama wa kuoshea chupa ya mtoto, na karatasi yenye orodha ya vitu vya kuepuka: karanga, mifupa, barafu, miwa, peremende ngumu. Uzi haukuwemo. Daktari angejuaje kwamba mjini mna mtu anayetafuna uzi kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni?

Wiki ya kwanza alikula supu na mkate uliolowekwa, akalala na shavu limeegemea chupa ya maji baridi. Meno yalimuuma yote kwa pamoja, hata yale aliyokuwa amesahau kuwa anayo. Kila neno lenye "s" lilitoka na kijifilimbi, na jaribu wewe kuwa fundi wa kushona usitaje sindano.

Kwa hiyo akavaa barakoa. Alivaa asubuhi kabla ya kufungua duka, akavua jioni baada ya kufunga. Kwa wateja alisema ni vumbi la vitambaa, kifua kimechoka. Watu wakamsifu kwa kujali afya. Mmoja akamletea chupa ya asali. Babu Vifungo peke yake alimtazama juu ya miwani yake.

"Vumbi baya hilo," akasema. "Miaka ishirini na miwili limekuheshimu, limekuingia wiki hii."

"Babu, shona zipu."

"Nashona, mwanangu. Nashona."

Miezi mitano ikapita hivyo, na wala si ya bure. Usiku na asubuhi, kwenye kioo kidogo cha bafuni, Bi Mkasi aliona foleni ikianza kujipanga. Yule aliyejipenyeza mbele alirudi nyuma kidogo. Yule wa ubavu akageuka, akatazama watu usoni. Alikuwa akisogeza midomo, anajaribu kutabasamu kisirisiri kama mtu anayejaribu viatu dukani asivyokusudia kununua. Kisha anavaa barakoa, anakwenda kazini.

Kosa pekee lilikuwa uzi. Alijaribu mkasi, msije mkamsema bure. Siku tatu nzima alijaribu. Mkono unakwenda ukutani, unashusha mkasi, unakata, unarudisha, na gauni moja la shanga lina nyuzi mia nne za kukata. Siku ya nne mkono ukasahau njia ya ukutani. Kichwa kikainama chenyewe, kidole kikashusha barakoa, tak. Hakuna kilichovunjika. Akasema moyoni, basi, kumbe inawezekana. Hivyo ndivyo watu wazima wanavyojifunza.

Wakati huo alikuwa na gauni la karani mmoja wa posta, binti mpole aliyekuwa akiomba radhi hata akipimwa mabega. Gauni lilikuwa la satini nyeupe, lasi mikononi, shanga kifuani, mkia wa mita tatu wenye pindo lililokunjwa mara mbili. Binti hakuwa na mama. Alilelewa na shangazi yake, na Shangazi alikuwa mkaguzi wa shule mstaafu. Alistaafu mshahara tu, ukaguzi haukumtoka. Akiingia dukani alipitisha kidole juu ya meza, akakitazama. Akipewa kiti alikitikisa kwanza. Tangu siku ya kwanza alimuuliza Bi Mkasi maswali kumi na saba, na la mwisho lilikuwa hili: "Fundi, hiki kitambaa ni kipya? Gauni litashonwa mwanzo mwisho kwa ajili ya mtoto wangu? Maana nasikia mafundi wa siku hizi wana tabia."

Tabia aliyoisema ilikuwepo kweli. Fundi mmoja wa mtaa wa pili alikuwa akichukua magauni yaliyokwisha kuvaliwa, anayafumua ubavuni, anaongeza lasi, anayauza kuwa mapya. Alipogundulika hakuitwa polisi wala nini. Watu waliacha tu kuingia mlangoni kwake. Mwaka haukuisha akawa anashona magunia. Bi Mkasi alijua hadithi hiyo vizuri, alikuwa miongoni mwa walioisambaza.

"Mwanzo mwisho, Shangazi," alijibu. "Sijawahi kumvalisha mtu gauni la mwenzake, na sitaanza kwa mwanao."

Siku ya Jumatatu, harusi ikiwa Jumamosi, alikuwa akimalizia pindo la mkia. Shanga za kifuani alizishona kwa uzi wa nailoni, ule mgumu wa kung'aa, na akaona ni vyema apitishe uzi huo huo kwenye pindo ili libebe uzito. Uzi ukaisha, pindo limebaki wazi kiganja kimoja tu. Akashusha barakoa, akainama, akainamisha kichwa kushoto. Badala ya tak, ikalia krak.

Kitu kikadondoka mapajani kwenye lundo la satini. Akadhani shanga. Akapapasa, hakuona, na shanga moja haimtoi mtu kwenye kiti, kwa hiyo akafunga sehemu ya mwisho ya pindo na kuendelea. Ulimi ndio uliomletea habari. Kwenye chonge la kushoto palikuwa patupu, laini, na ncha ya waya inayochoma shavu.

Alitafuta chini ya meza, chini ya cherehani, kwenye kapu la vitambaa. Babu Vifungo akauliza amepoteza nini. "Shanga," akasema, kwa kijifilimbi. Mwishowe akaona hapana shaka amekimeza kile kijichuma cha jino. Akajificha nyuma ya pazia la kubadilishia nguo, akampigia daktari simu kwa kunong'ona.

"Ulikuwa unakula nini, Mama?"

"Mkate. Mkate laini."

"Mkate laini," daktari akarudia, kwa sauti ya mtu aliyeshakutana na mikate laini mingi. "Usiogope. Kama umekimeza kitapita chenyewe. Weka nta kwenye ncha ya waya, na Ijumaa uje nikubandikie kingine."

Jumanne asubuhi Mwalimu akauliza, "Kimepita?" Jumatano akauliza tena, "Bado?" Aliuliza kwa utulivu kama mtu wa kituoni anayeulizia treni. Bi Mkasi akamwambia akasahihishe madaftari yake.

Alhamisi saa tisa alasiri bibi harusi akaja kujaribu gauni kwa mara ya mwisho. Shangazi alikuwa pamoja naye, miwani mbili, moja usoni na moja kichwani. Benchini walikuwepo wateja wawili, mwanamke aliyeleta suruali ya zipu na mwingine aliyekuja kupimwa. Binti akaingia nyuma ya pazia, akatoka, na nawaambieni, hata Babu Vifungo alisimamisha cherehani. Gauni lilimkaa kana kwamba amezaliwa nalo.

"Geuka," Shangazi akasema.

Akageuka.

"Pumua."

Akapumua.

"Kaa. Simama. Inua mkono. Sawa." Shangazi akapiga magoti, na magoti yake yakalia, akaanza kukagua pindo kwa vidole viwili, sentimita kwa sentimita, kama anavyokagua mtu rejesta ya mahudhurio. Mita ya kwanza, kimya. Mita ya pili, kimya. Mwisho wa mkia, vidole vikasimama.

"Fundi. Nini hiki?"

"Wapi, Shangazi?"

"Hapa. Kitu kigumu."

"Labda fundo la uzi."

"Fundo la uzi halina pembe." Akanyoosha mkono bila kutazama, kama daktari wa upasuaji. "Nipe kifumulio."

Bi Mkasi alipompa kile kifaa kidogo cha kufumulia nyuzi, bado hakuelewa. Nyuzi nne zikafumuliwa, satini ikafunguka, na kwenye kiganja cha mkaguzi mstaafu kikadondoka kitu kidogo kama punje ya mchele, cha chuma, chenye mfereji katikati, na kijipete cha mpira wa kijivu kikiwa bado kimening'inia.

Nyuma ya barakoa, ulimi wa Bi Mkasi ukakimbilia kwenye pengo.

Shangazi akashusha miwani ya kichwani juu ya miwani ya usoni. "Hiki nakijua," akasema polepole. "Mjukuu wangu ana ishirini kama hivi mdomoni. Juzi juzi kimoja kilimtoka kwenye mfupa wa kuku, tukakitafuta nyumba nzima. Hiki ni chuma cha waya za meno."

Wa benchini wakanyoosha shingo.

"Sasa tujiulize," Shangazi akaendelea, akainuka, na hapo ukaona kuwa walimu wa wilaya nzima walikuwa na sababu ya kumwogopa. "Mwanangu hana waya za meno. Mimi sina. Babu hapo, fungua mdomo."

"Mimi nina meno sita," akasema Babu Vifungo. "Hayahitaji kunyooshwa, yanahitaji wenzao."

"Fundi mwenyewe ni mtu mzima. Kwa hiyo chuma hiki kimeingiaje kwenye pindo la gauni jipya? Jibu ni moja. Gauni si jipya!"

"Shangazi!" bibi harusi akasema.

"Nyamaza, mwanangu, nakutetea. Gauni hili limeshavaliwa. Limevaliwa na binti mwenye waya za meno. Akala, akacheka, akacheza, chuma kikamtoka, kikaangukia kwenye mkia. Huyu mama akalichukua, akalikunja pindo upya, akatuambia mwanzo mwisho." Akawageukia wa benchini, maana mkaguzi hajawahi kutoa ripoti bila mashahidi. "Mmesikia? Mwanzo mwisho!"

Binti hakupiga kelele. Alijishika kifuani penye shanga, machozi yakaanza kumtoka taratibu. "Fundi," akasema, "nimevaa gauni la mtu?"

Hilo lilimchoma Bi Mkasi kuliko yote.

"Wallahi si la mtu! Ni lako. Njoo uone, vipande nilivyokata bado ninavyo." Akavuta kapu, akamwaga vipande vya satini mezani. Shangazi akavitazama kwa sekunde mbili.

"Vipande vinanunuliwa."

"Babu Vifungo alikuwepo nikikata! Babu, sema."

"Alikata hapa hapa, Jumatatu ya wiki ile nyingine," akasema Babu Vifungo.

"Babu anafanya kazi humu," Shangazi akajibu. "Sikuwahi kukubali ushahidi wa mwalimu mkuu kuhusu shule yake mwenyewe. Na mimi, Fundi, sitagombana na wewe. Sina haja. Nina kundi langu la simu, la walimu wastaafu na familia zao, watu mia mbili. Nitawaandikia tu nilichokiona kwenye pindo. Watapima wenyewe."

Akatoa simu. Mwanamke wa zipu, benchini, akaikunja suruali yake polepole, akaiweka mapajani, kama mtu anayefikiria kuipeleka kwingine.

Bi Mkasi alisimama katikati ya duka lake. Aliona mlango wa kioo usiofunguliwa. Aliona magunia. Miaka ishirini na miwili ya kupiga magoti nyuma ya mabibi harusi, inakwenda na ujumbe mmoja wa simu. Na dawa ilikuwa pale pale, chini ya pua yake, nyuma ya kitambaa cha barakoa. Nani aliyemfungia? Ni yeye aliyesema, mbele ya benchi hili hili, ananyoosha meno amng'ate nani. Akifungua mdomo leo, kicheko kitavuka ukuta kabla ya saa kumi. Asipofungua, huyu mtoto ataolewa Jumamosi akiamini amevishwa nguo ya mwenzake, na labda asiwe na raha ndani yake hata dakika moja.

Shangazi alikuwa ameshaanza kuandika, kwa kidole kimoja, akitamka kila neno. "Ndugu... zangu... tahadharini..."

"Bi Mkasi," Babu Vifungo akasema taratibu, bila kuinua macho kwenye zipu. "Mimi naona leo vumbi limepungua."

Alimtazama mzee. Kumbe alijua. Miezi mitano alikuwa akijua, amekaa na ncha yake kimya.

Bi Mkasi akaishika barakoa sikioni, akaivua, akaitupa kwenye kapu la vipande. Akamwendea Shangazi mpaka wakakaribiana kama wanaotaka kunong'onezana, akafungua mdomo wote, kama mbele ya daktari, na kidole chake kikaonyesha juu, kushoto.

Vyuma vilimeta kwa taa ya dukani, juu na chini, kila kimoja na kijipete cha kijivu. Kwenye chonge la kushoto palikuwa pengo, na waya umening'inia na donge la nta.

Kidole cha Shangazi kikasimama kwenye simu. Akasogea. Akahesabu, kimoja kimoja. Akakiinua kile chuma kwa kucha mbili, akakisogeza kwenye jino, akakilinganisha kama unavyolinganisha kifungo na tundu lake. Kijivu kwa kijivu. Mfereji kwa waya. Hata mtu wa kukataa ushahidi wa mwalimu mkuu asingeweza kuukataa ule.

"Ahaa," akasema Shangazi.

"Ni changu," Bi Mkasi akasema, na kijifilimbi kikapita kwenye pengo. "Kilinitoka Jumatatu nikikata uzi. Nilidhani nimekimeza. Mume wangu amekuwa akikisubiri tangu Jumanne."

Mwanamke wa zipu akakohoa kikohozi ambacho hakikuwa kikohozi. Lakini Shangazi hakuzaliwa kukubali kushindwa kwa hatua moja. Akakunja uso upya.

"Ngoja kwanza. Ukikata uzi kwa kitu gani?"

"Kwa meno."

"Yaani ulikuwa unaling'ata gauni la mwanangu?"

"Siling'ati, Shangazi, nang'ata uzi."

"Mate yako yamo kwenye satini!"

"Yamo kwenye kila satini ya mji huu," akasema Babu Vifungo. "Kama ndoa zingeharibika kwa mate ya Bi Mkasi, hapa pasingebaki mke wala mume."

Aliyeanza ni bibi harusi. Alicheka machozi yakiwa bado mashavuni, kwanza kwa kujizuia na kuomba radhi, kisha akashindwa, akajishika kiuno cha gauni. Mwanamke wa zipu akamfuata. Bi Mkasi aliwatazama, mkono ukaanza kupanda kwenda mdomoni kama ulivyozoea, ukafika kidevuni. Hakuna aliyekuwa akiyatazama meno yake. Walikuwa wakimcheka Mwalimu na treni yake. Mkono ukashuka. Naye akacheka, cheko la wazi, la vyuma vyote kumi na tisa, lililosikika mpaka fotokopi.

Shangazi peke yake hakucheka. Alifuta ule ujumbe, herufi moja moja, kwa bidii ile ile aliyouandika nayo. "Pindo lifungwe," akasema. "Kwa mkasi."

"Kwa mkasi, Shangazi."

Binti akaingia nyuma ya pazia kubadilisha nguo, akalipitisha gauni nje. Mwanamke wa pili akatoka nje kupokea simu, yule wa zipu akasogea kwa Babu Vifungo kuulizia suruali yake. Bi Mkasi akakaa na mkia wa gauni mapajani, akafunga zile nyuzi nne. Ulipofika wakati wa kukata alinyanyuka, akaenda msumarini, akaushusha mkasi, akakata, akaurudisha. Shangazi alimfuata kwa macho kwenda na kurudi. Kisha akavuta kiti, hakukitikisa, akakaa karibu mno.

"Inauma?" akauliza kwa sauti ya chini.

Bi Mkasi aliinua macho. Angeweza kusema haiumi. "Inauma sana. Wiki ya kwanza unaweza kulia. Baadaye unazoea, halafu wanakaza waya, inauma upya."

"Na yanasogea kweli?"

"Yanasogea."

"Nauliza kwa ajili ya mtu ninayemjua," Shangazi akasema. "Mwanamke. Ana miaka sitini na moja. Meno yake mawili ya mbele yamepishana tangu utoto. Hapendi kupigwa picha." Aliyasema hayo yote akiwa ameinamisha kichwa, na ncha ya mtandio wake, Bi Mkasi akatambua sasa tu, ilikuwa imepitishwa mbele ya midomo na kuchomekwa upande wa pili, kama ilivyokuwa siku ya vipimo, na siku ya kitambaa, na muda wote wa ukaguzi wa leo.

Enyi wenzangu, maneno yalimjaa Bi Mkasi mdomoni. Matamu, ya moto, yaliyopikwa tayari. Kwa umri huo? Amng'ate nani? Yalifika mpaka kwenye vyuma, yakanasa. Labda ndiyo faida ya kwanza ya waya za meno ambayo daktari hakumtajia.

"Mwambie huyo mtu unayemjua," akasema, "kwamba jino halijui umri wake. Daktari ni binti mdogo, ana mikono miepesi. Nitakupa namba. Fungua simu uiandike."

Shangazi akaitazama simu yake, penye wale watu mia mbili. Akairudisha mkobani, akafunga zipu ya mkoba. Kisha akachukua chaki ya kushonea mezani, akafungua kiganja cha mkono wa kushoto, akakielekeza kwenye mwanga.

"Nitajie polepole," akasema.